Ukiwasha redio Tanga, dunia ndio inakutafuta wewe

Watu wengi wakipata hamu ya redio ya ridhaa, yaani hii ya kuongea na mtu wa bara jingine kwa antena yako mwenyewe bila bando wala mnara wa simu, kitu cha kwanza wanaingia Yutyubu wanakuta mzungu ana mlingoti wa chuma nyuma ya nyumba, antena kubwa inazungushwa na mota, chini ana mashine ya kuongeza nguvu mpaka wati elfu moja, basi wanafunga simu wanasema hii sio ya kwetu. Mi nasema hivi, yule bwana anahitaji hayo yote kwa sababu yuko Ujerumani au Marekani ambako watu wa redio wako kwa maelfu na maelfu na hakuna anayemtafuta. Huku kwetu hesabu iko kinyume. Kolisaini, yaani jina la kituo chako hewani, za Tanzania zinaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, na wanaosikika hewani kutoka nchi hizi ni wachache mno, kwaiyo ukitokea na wati 20 na waya umening'inia kwenye mnazi wao ndio wanahangaika kukupata. Hili ndio ningependa kila anayeanza alijue mapema maana linabadilisha kila kitu, unanunua nini, unaacha nini, na unajifunza nini kwanza.

Mimi niko Tanga, na aliyeniingiza ni mzee mmoja mstaafu aliyekuwa fundi wa redio koli, zile zilizokuwa zinafungwa kwenye zahanati za misheni na mashamba ya mkonge kabla simu za mkononi hazijafika. Nilimfuata nikiwa na hela tayari, nataka anichagulie mashine. Nikampa shikamoo yake nikamwambia mzee nataka kuanza kuongea na Wajapani. Akaitikia, akacheka, akasema, "Hela yako iweke. Siku utakayokuja kuniambia Wajapani wanaingia saa ngapi na wanatoka saa ngapi, siku hiyo tutatafuta redio." Nilinuna kidogo ila nilifanya alivyosema, na mpaka leo anayenijia na swali hilo hilo namjibu hivyo hivyo.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Redio ya kawaida ya sebuleni hata kama ina SW, yaani mawimbi mafupi, haitoshi, kwa sababu watu wa ridhaa wakiongea wanatumia SSB, ambayo inaondoa wimbi la kubebea na nusu ya sauti iliyojirudia ili nguvu yote iende kwenye maneno, na ukiipokea kwenye redio ya kawaida unasikia kama mtu anaongea na ugali wa moto mdomoni. Tafuta redio ndogo yenye kitufe kilichoandikwa SSB, Tecsun wanazo, XHDATA wanazo, au kama una laptopu nunua kile kidude cha USB kinaitwa RTL-SDR, ila hakikisha ni toleo linaloshuka mpaka mawimbi mafupi maana sio yote yanashuka. Na kama hela hakuna kabisa kuna redio ya Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi, imeunganishwa kwenye intaneti tangu 2008, mtu yeyote anaizungusha kwa simu yake bure. Shida ya hiyo ni kwamba inakuonyesha Uholanzi wanasikia nini, na wanachosikia wao saa nane mchana na unachosikia wewe Tanga saa hiyo hiyo ni vitu viwili tofauti. Utaifurahia zaidi baadae ukishaanza kurusha, unaongea hapa afu unajisikia mwenyewe kule, inachekesha mno mara ya kwanza.

Kitu kimoja ambacho sisi tumebahatika ni saa. Dunia nzima ya redio inaandika muda kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia, na wenzetu wengine wanahangaika kubadili mara saa ya kiangazi mara ya baridi, sisi saa ya Kiswahili iko nyuma ya UTC kwa masaa matatu mwaka mzima, basi imeisha. UTC ikisema 9 toa tatu, saa sita mchana. Ikisema 15, toa tatu, saa kumi na mbili jioni. Ikisema 18 unapata 15, toa kumi na mbili, saa tatu usiku. Daftari langu upande mmoja nimeandika UTC upande mwingine saa yetu, na katika ile safu ya saa yetu ndio nikaanza kuona mpangilio.

Mpangilio wenyewe uko hivi kwa pwani yetu. Bendi za mita 10 na mita 15, yaani megahezi 28 na 21, asubuhi zinaleta Japani na Australia na Asia kwa ujumla, kuanzia mchana Ulaya inajaa mpaka inakera, jua likizama Marekani inaingia mpaka kama saa nne usiku hivi afu bendi inanyamaza. Mita 20, megahezi 14, inavumilia usiku zaidi. Mita 40, megahezi 7, mchana ni ya majirani tu, Nairobi na kwingine karibu, usiku ndio inatoka nje. Yote ni jua. Juu kule kuna matabaka ya hewa yaliyochajiwa na mwanga wa jua, lile la chini mchana linayameza mawimbi ya megahezi 7 na chini yake, lile la juu lililoko kama kilomita 300 linayarudisha chini yale ya juu zaidi, na ruko moja linaweza kufika kilomita 3,000 hadi 4,000, likigonga bahari linaruka tena. Jua likizama lile la chini linayeyuka haraka na mita 40 inakuwa huru. Na jua lenyewe lina msimu wake wa kama miaka 11, huu tulio nao ulianza Desemba 2019 na kilele chake kimepita mwaka 2024, ndio maana miaka hii mita 10 imekuwa tamu kiasi hiki, wakati jua likipoa inaweza kukaa kimya siku nyingi. Lakini jua hilo hilo lina hasira. Tarehe 10 Mei 2024 ilipiga dhoruba ya daraja la juu kabisa, G5, watu wa kaskazini wakapiga picha za mianga ya rangi angani, sisi wa redio tukabaki tunasikiliza mchemko mtupu. Nilidhani waya umekatika nikapanda juu kuangalia.

Kwa mtu anayejifunza kusikiliza hakuna mwalimu mzuri kama zile bikoni za kimataifa. Ni vituo 18 duniani vinavyorusha ishara ya kupimia bendi, vinapokezana kwenye masafa matano, megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, kila kimoja kina sekunde 10 zake na baada ya dakika tatu mzunguko unaanza upya. Kimojawapo ni cha hapo jirani, 5Z4B cha Kenya. Kinachofanyika ndani ya hizo sekunde kumi ndio raha. Kituo kinataja jina lake kwa mosi, ile lugha ya milio mifupi na mirefu (Morse), kwa wati 100, afu kinapiga dashi nne ndefu, ya kwanza bado wati 100, ya pili wati 10, ya tatu wati 1, ya nne miliwati 100, ambayo ni kama taa ndogo ya tochi ya simu na pungufu. Sasa unakaa umefumba macho unahesabu umesikia dashi ngapi. Siku bendi imefunguka vizuri nimesikia ya Japani dashi ya tatu ikiwa wazi kabisa, wati moja kutoka Japani mpaka Tanga, zaidi ya kilomita 10,000. Ukishasikia hivyo kwa masikio yako mwenyewe hakuna mtu atakayekudanganya tena kwamba bila wati elfu huendi popote. Mosi huhitaji kuijua yote, kuna programu za simu zinakuambia sekunde hii ni zamu ya nani, ingawa mimi hizo bikoni ndio zilizonifanya niipende mosi na kuanza kuisoma. Leseni siku hizi sehemu nyingi hazilazimishi mosi, sharti la kimataifa liliondolewa 2003, lakini mtu mwenye nguvu ndogo mosi inamsaidia mno.

Hapa niseme kuhusu zile redio za mkononi za Kichina, Baofeng na ndugu zake, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza. Ile haiendi Marekani. Haiendi hata Korogwe. Inatumia VHF na UHF, mawimbi ambayo yanaenda kwa kuonana, yakifika juu yanapitiliza angani hayarudi. Na kubonyeza kitufe cha kuongea bila leseni ni kosa, masafa mengi yanayoshikwa na vile vidude ni ya watu wengine kabisa, kampuni za ulinzi, polisi, bandari. Ila kwa kusikiliza kuna kitu kimoja kizuri. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapita juu yetu kwenye kimo cha kama kilomita 400, na wanaanga wakiongea na wanafunzi wanatumia megahezi 145.800. Unaangalia kwenye programu kinapita saa ngapi, unatoka nje na redio ya mkononi, unakipata dakika kama kumi kinazama. Watoto wa jirani nimewahi kuwaita wasikilize, mmoja akaniuliza huyo anayeongea amekaa wapi, nikamwonyesha kidole juu, akanitazama vibaya.

Leseni ni jambo la lazima na sio la kuogopa. Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC, unaanza kwa kuwaandikia, unaeleza unataka leseni ya redio ya ridhaa, na usiagize mashine kutoka nje kabla hujaulizia kibali chake, kwa sababu redio yenye uwezo wa kurusha ikifika forodhani bila karatasi itakaa huko mpaka uzeeke. Jiandae pia na kwamba wa kwanza unayemkuta kaunta anaweza akawa hajawahi kusikia kitu kama hicho, usigombane, omba kwa heshima upelekwe kwa wanaohusika na masafa. Masharti yenyewe ya msingi yanafanana karibu dunia nzima: sio ya biashara, sio ya kupiga muziki, hakuna kuficha ujumbe kwa siri, na kila unapoongea unataja kolisaini yako. Kenya wana chama cha siku nyingi cha watu wa redio, kuwauliza hakuna hasara.

Karatasi hiyo ya leseni piga kopi ukae nayo karibu, utaihitaji mtaani kabla hujaihitaji serikalini. Mimi nilipopandisha waya kwenye mnazi haikupita muda mjumbe akafika.

"Shikamoo mjumbe, karibu."

"Marahaba mwanangu. Huo waya huko juu wa nini? Watu wanaongea."

Nikamkaribisha kiti, nikamtolea leseni akaisoma yote mpaka chini kwenye muhuri, afu nikamwashia redio. Wakati huo Mwitaliano mmoja anapiga kelele anaita. Mzee akasikiliza, akauliza yule yuko wapi, nikamwambia Italia. Akauliza, "Na yeye analipwa?" Halipwi mzee. "Na wewe?" Silipwi. Akanyamaza kidogo akaniambia basi mna muda nyie, akamaliza chai akaondoka, na tangu siku hiyo yeye ndio anayewaelezea wengine kwamba ule ni waya wa kuongelea Ulaya na una karatasi ya serikali. Kama angekuta nimejificha ndani na hedifoni naongea lugha nisiyoeleweka saa nne usiku sijui ingekuwaje.

Antena ndio mahali pa kutumia akili zako zote, na bahati nzuri ndio rahisi kuliko vyote. Dipoli ya kawaida ni waya mbili tu zinazotazamana na kebo katikati. Urefu wake wote kwa mita ni 142.5 ugawanye kwa megahezi. Kwa 21.2 unapata mita 6.7, kila upande mita 3.36. Kwa 28.5 ni mita 5, kila upande mbili na nusu, hiyo inaingia hata kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga. Waya wenyewe ni ule wa kawaida wa kufungia umeme nyumbani, usiuchune ngozi, kata ndefu kidogo kuliko hesabu afu punguza taratibu huku unaangalia kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, mpaka kishuke chini ya 1.5, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunganisha. Katikati nimetumia kipande cha bomba la plastiki, ncha zimefungwa kamba ya manila, na kebo inaposhuka kutoka kwenye dipoli nimeizungusha mizunguko kama nane kwenye bomba la inchi nne ili mawimbi yasirudi kwa nje ya kebo yakaingia kwenye spika ya TV. Kebo iwe ya omu 50, RG-58 inatosha ikiwa fupi. Ile nyeupe ya ungo wa TV ni ya omu 75, wapo wanaoitumia na inaenda, mimi kwa kupokea tu sioni tatizo.

Juu kiasi gani? Juu uwezavyo, na hapo mnazi unalipa. Lakini kuna siri ya pwani ambayo watu wa Dodoma hawana, maji ya chumvi. Antena ya kusimama, waya mmoja wima juu ya mwanzi na waya zingine chache zimelala chini, ikiwekwa pembeni kabisa ya bahari inatoa mawimbi yaliyolala chini karibu na upeo wa macho, na hayo ndio yanayofika mbali. Wazungu wanalipa ndege na hoteli wanakuja visiwani na fito zao kwa ajili ya hilo tu. Mimi nafunga mwanzi kwenye pikipiki naenda Raskazone jioni, waya wa mita tatu na nusu unatosha kwa mita 15, betri begani, na Marekani inayoingia pale sio ile inayoingia kwenye mnazi wangu mtaani.

Sababu nyingine ya kwenda ufukweni ni kelele. Mtaani adui mkubwa wa mawimbi mafupi sio radi, ni chaja za bei rahisi za simu, taa za LED, visimbuzi, inveta za sola, kila kimoja kinavuma. Nimezunguka nyumbani na redio ndogo mkononi nachomoa kimoja kimoja nasikiliza, taa moja ya barazani peke yake ilikuwa inafunika mita 20 yote. Ndio maana mi mtu pekee mtaani ninayefurahi umeme ukikatika, redio yangu inakula betri ya gari N70 na mtaa mzima ukizima bendi inakuwa safi unasikia mpaka pumzi ya mtu. Radi nazo zina msimu wake, masika mita 40 usiku inapasuka pasuka masikio yanauma, wakati huo panda mita 15 au kalale.

Mashine niliyoishia kuchukua ni Xiegu G90 ya wati 20, ilikuwa dola mia nne na kitu kabla ya ushuru. Ukipata mtumba mzuri wa Icom au Yaesu wa wati 100 chukua, ila kumbuka wati 100 zinavuta kama ampia 20 wakati wa kurusha na betri yako utaihurumia.

Sasa unafika kwenye lile jambo nililoanza nalo. Uko na waya wako, na wati 20, jioni bendi imefunguka, unaita CQ, yaani naita yeyote anayenisikia, mara mbili tatu unajitaja 5H3 na herufi zako. Anajibu mtu mmoja wa Slovenia au Hispania, mnapeana ripoti ya 59, yaani nakusikia vizuri, mnaagana. Huyo huyo kwa furaha anakuandika kwenye mtandao wao wa kutaarifiana nani yuko masafa gani. Ndani ya dakika moja hewa inalipuka. Sio watu wawili wala watano, ni ukuta wa sauti, wote wanataja kolisaini zao kwa wakati mmoja, huelewi hata herufi. Vitabu vya mwanzo vya redio vinakufundisha namna ya kuwa mmoja wa wale wanaopiga kelele, vichache vinakufundisha kuwa yule anayepigiwa, na Tanga wewe ndio huyo kuanzia siku ya kwanza.

Yanayonisaidia ni haya. Usikae unasikiliza hapo hapo unaporushia, waambie unasikiliza juu, kilohezi tano mpaka kumi juu yako, hivyo wanatawanyika na wao wanakusikia vizuri bila kufunikana. Ukinasa herufi mbili tu, tuseme mwisho ni Alfa Delta, taja hizo na umalizane na huyo huyo hata kama mwingine mwenye nguvu anakurukia juu, ukimjibu mpiga kelele umewafundisha wote kupiga kelele. Ulaya ya kusini ikifunika kila mtu sema Japani tu, au Amerika tu, kisha shikilia neno lako. Kuwa mfupi, jina lako na hali ya hewa ya Tanga sio wakati wake. Na ukichoka sema umefunga, zima, kanywe maji. Kuna watu watakutukana kwa kuwa hukuwapata, wapo dunia nzima hao.

Kama sauti inakutisha kuna FT8, mawasiliano ya kompyuta kwa kompyuta kupitia redio, ilitoka 2017, kazi ya Joe Taylor mwanafizikia aliyepata Nobeli 1993 na mwenzake Steve Franke. Laptopu inarusha mlio wa sekunde kama 13 ndani ya kila robo dakika, inapokea robo inayofuata, na inanasa ishara ambazo sikio la mtu halisikii kabisa. Mita 15 wako 21.074, mita 20 wako 14.074. Saa ya kompyuta lazima iwe sahihi, ikiachana kwa sekunde mbili tu huelewani na mtu, na mahali ulipo panatajwa kwa mraba wa ramani ya redio, wangu ni KI94. Ni nzuri, inakupa nchi nyingi haraka, ila kwa ladha yangu ni kazi ya kuangalia mashine mbili zikisalimiana. Naitumia kujua njia ipo kisha narudi kwenye maikrofoni.

Maana kwenye maikrofoni ndio unakutana na watu. Jioni moja katikati ya vurugu ya Waitaliano kwenye mita 15 ikapita sauti ya taratibu, kolisaini inaanza na A4, Oman, nikamchukua. Badala ya ripoti akasema, "Tanga hiyo? Tanga ya kwetu?" Kiswahili cha visiwani kabisa kile, mama yake mzaliwa wa Pemba. Nikaivunja ile sheria yangu ya ufupi. Tukaulizana hali, akauliza mkate wa mofa bado unapatikana na unauzwa shilingi ngapi, nikamwambia, akasikitika bei. Kama kilomita 3,800 kwa ruko moja tu, na wale wengine wote wako pembeni wanasubiri hawaambulii neno. Waomani redio hii wanaijua siku nyingi, marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na kolisaini yake, A41AA.

Baada ya hapo jiandae na barua. Kila aliyekupata anataka kadi ya QSL, ushahidi kwamba mliongea, maana kuna tuzo inayoanzia nchi 100 na hesabu kamili ya nchi na maeneo ni 340. Watu wanakuwekea dola ndani ya bahasha kwa ajili ya stempu na bahasha nyingine hazifiki kwenye sanduku lako la posta. Chagua mapema, ama utumie daftari la mtandaoni la Wamarekani, LoTW, ambalo halina stempu, ama umwombe mtu wa nje awe anawatumia watu kadi kwa niaba yako kama vituo vingi vya Afrika vinavyofanya. Mimi natumia LoTW na kadi chache kwa wanaoandika vizuri.

Na kwa mwenye ungo wa zamani umekaa bure juu ya paa kuna setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, ilirushwa Novemba 2018, ndani yake kuna sehemu ya watu wa ridhaa inaitwa QO-100. Imesimama nyuzi 25.9 mashariki, kwa Tanga iko karibu utosini upande wa magharibi. Kichwa cha ungo cha kawaida na RTL-SDR ukiweka kama megahezi 739.75 unawasikia Brazili, Ulaya na Afrika Kusini usiku na mchana bila kujali jua. Wakongwe hawaihesabu kama masafa marefu ya kweli na mimi niko upande wao, lakini kwa mtu wa nyumba ya kupanga asiye na mnazi ni mahali pazuri pa kuanzia kusikiliza.

Kwa sasa ninachowinda ni Hawaii. Upande wa pili kabisa wa dunia kutoka hapa ni bahari tupu kusini mashariki ya Hawaii, kwaiyo wao ndio karibu mwisho wa safari, zaidi ya kilomita 17,000, na ukiwa karibu na mwisho namna hiyo mawimbi yanaweza kuja kwa njia yoyote, ya kaskazini au ya kusini, inabadilika ndani ya nusu saa. Bikoni yao KH6RS naisikia 21.150, dashi ya kwanza, siku nyingine na ya pili, alfajiri na tena jua likikaribia kuzama. Kwa FT8 tayari. Kwa sauti bado, wao huko ni alfajiri wamelala na wachache walioamka wanageuzia antena zao Japani. Jumamosi nitakuwa Raskazone na mwanzi, nitaita kuanzia saa kumi na moja jioni, UTC 14.